'Tutakupigia': Jibu linalowazeesha waigizaji wa Ilemela

KUNA neno moja ambalo karibu kila kijana wa Ilemela aliyewahi kusimama mbele ya kamera kwa ajili ya usaili amelisikia. Neno hilo ni "tutakupigia". Hutamkwa kwa upole, mara nyingi kwa tabasamu, na baada ya hapo msailiwa hushukuru, huaga na kuondoka. Simu haipigwi. Baada ya miezi kadhaa husikia kwamba filamu imekwisha kurekodiwa, nafasi aliyoiomba amepewa mwingine, naye hajui hata leo alikwama wapi.

Wadau wa uigizaji katika Kanda ya Ziwa wamezoea kulitafsiri neno hilo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kwamba mwombaji hana kipaji. Ya pili ni kwamba nafasi zilikwisha kugawanywa kabla ya usaili, kwa ndugu, kwa marafiki na kwa wale walio tayari kutoa chochote. Tafsiri zote mbili zina ukweli wake. Lakini ipo ya tatu isiyozungumzwa, nayo ni umri. Si umri ulioandikwa katika cheti cha kuzaliwa, bali ule unaosomeka usoni, shingoni, mikononi na katika sauti.

Mchaguzi wa waigizaji anayeijua kazi yake hajali sana mtu amezaliwa mwaka gani. Anachotaka kujua ni kwamba mtu huyo, akisimama mbele ya kamera, mtazamaji atamwamini kuwa na umri kati ya miaka mingapi na mingapi. Mwigizaji wa miaka 30 anaweza kuaminika akiwa kijana wa 22. Mwenzake wa umri uleule, aliyekulia kwenye jua la mwalo wa Kirumba akianika dagaa na kubeba magunia, anaweza kuaminika akiwa baba wa miaka 42. Hakuna aliye bora kuliko mwenzake. Kila mmoja ana eneo lake la kufanyia kazi, na eneo hilo ndilo mtaji wake. Tatizo ni kwamba yule wa pili hajaambiwa. Ataendelea kuomba nafasi ya mchumba, ya mwanafunzi wa chuo, ya kijana aliyetoka kijijini kutafuta maisha, mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka ataambiwa kwamba atapigiwa.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mtu aliyeambiwa mapema akiwa na miaka 25 kwamba uso wake ni wa baba, wa askari mkongwe, wa mwenyekiti wa mtaa au wa mfanyabiashara wa samaki, ana miaka 20 ya kazi mbele yake. Asiyeambiwa hupoteza miaka 10 akigombea nafasi asizoweza kupewa, kisha huacha sanaa akiwa na umri uleule ambao ungemfaa.

Zamani ukali wa jambo hili ulipunguzwa na ubovu wa vifaa. Filamu za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilizouzwa kwa kanda za VHS, na baadaye DVD, zilikuwa na picha hafifu, na mtazamaji wa kibanda cha video hakuona mikunjo ya jicho. Kamera za leo zinaonyesha kila kitu. Isitoshe, soko limehama kutoka filamu ya sehemu mbili iliyorekodiwa kwa wiki moja au mbili hadi tamthilia za runinga zinazoendelea kwa miaka. "Huba" ya Maisha Magic Bongo ilianza mwaka 2017. "Jua Kali" ya Leah Mwendamseke, maarufu kama Lamata, ilianza mwaka 2021. Anayeajiri mwigizaji wa tamthilia ya namna hiyo haangalii sura ya leo tu. Anajiuliza itakuwaje baada ya misimu mitatu, ilhali katika hadithi mhusika ameongezeka mwaka mmoja.

Kwa nini basi watu hawaambiwi? Sababu ya kwanza ni heshima, na sababu hii haipaswi kubezwa. Waongozaji wengi wachanga wa Mwanza wana umri mdogo kuliko sehemu kubwa ya watu wanaowasaili. Mtu wa miaka 26 akiingiliwa na mwombaji wa miaka 45, jambo la kwanza linalomtoka kinywani ni "Shikamoo". Baada ya kupokea "Marahaba", ni vigumu kugeuka na kumweleza mkubwa huyo kwamba sura yake imeipita nafasi anayoitaka. Katika jamii yetu kumtajia mtu uzee wake si tathmini ya kikazi, ni utovu wa adabu. Kwa hiyo kijana huyo huchagua njia rahisi, naye mkubwa hutoka pale akiwa ameheshimiwa lakini hakusaidiwa.

Sababu ya pili iko katika muundo wa tasnia yenyewe. Filamu zilizoijenga Bongo Movie zilikuwa mali ya waigizaji. Hayati Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, na Vincent Kigosi 'Ray' hawakuwa wanasubiri kuitwa. Walibuni hadithi, walitafuta fedha, waliongoza na kucheza wenyewe kama staringi. Mfumo huo ndio uliowezesha kazi kufanyika pasipo ruzuku wala mikopo ya benki, na bila huo pengine tusingekuwa na tasnia ya kuijadili. Lakini una dosari moja. Mwenye fedha akiwa ndiye staringi, hapabaki mtu wa kumwambia kwamba safari hii nafasi ya kijana apewe mwingine. Vikundi vya Ilemela vimeurithi mfumo huo bila fedha zake. Mwenye kamera ndiye mwongozaji, ndiye mhariri wa picha, na mara nyingi ndiye mpenzi wa msichana mrembo katika hadithi, hata kama watazamaji wa Buzuruga wanamjua kuwa ni baba wa watoto wanne.

Ni kweli kwamba Watanzania wameshawahi kuona tathmini ya wazi. Shindano la Bongo Star Search, lililoanza katika miaka ya 2000 likiongozwa na Rita Paulsen, lilizunguka mikoani na kuwazoesha watazamaji kuona mtu akiambiwa palepale kwamba hajafika. Lilikuwa la waimbaji, lakini liliacha fundisho kwa sanaa zote. Mwaka 2014 likaja Tanzania Movie Talents, lililohusu uigizaji hasa. Majaji wake walikuwa Single Mtambalike 'Rich', Yvonne Cherry 'Monalisa' na Roy Sarungi. Usaili ulifanyika kikanda, Mwanza ikiwa kituo cha Kanda ya Ziwa, na fainali ilipofanyika Dar es Salaam, Mwanaafa Mwinzago kutoka Kanda ya Kusini aliondoka na Sh milioni 50. Kwa mara ya kwanza kijana asiye na ndugu Sinza wala Kinondoni aliona kwamba kuna meza, kuna majaji, na kuna maneno yanayosemwa mbele ya watu.

Hata hivyo, tuwe waangalifu. Tathmini iliyotengenezwa kwa ajili ya runinga ina kishawishi chake. Anayechekesha zaidi kwa kumvunja msailiwa ndiye anayekumbukwa, na mrejesho unageuka kuwa kejeli. Kumwambia msichana kwamba "sura hii itavunja kamera" si ukweli, ni tusi lililovaa nguo za ukweli. Mrejesho unaofaa unafungamana na mhusika na si na mtu. Husema: mhusika huyu ana miaka 19 na mdogo wake katika hadithi amekwisha kuchaguliwa, ukisimama karibu naye unaonekana shangazi yake, lakini katika mswada huohuo yupo mwalimu mkuu, jaribu maneno yake. Sentensi kama hiyo haichukui hata dakika moja.

Wasukuma, wenyeji wa nchi hii ya ziwa, wana utaratibu wa kale wa mrejesho ambao waongozaji wetu wa filamu wangeweza kuutazama upya. Katika mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, yanayofanyika baada ya mavuno na hasa katika sherehe za Bulabo huko Bujora, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja na uwanja wake. Hakuna anayetoa hotuba ya pongezi. Watazamaji huhama. Anayechosha hubaki na vumbi lake, na mwenye kuvutia huzungukwa na umati. Mchezaji huona hukumu yake ikitembea kwa miguu, na bado ana nafasi ya kubadili mtindo kabla jua halijazama. Mwigizaji wa filamu hana bahati hiyo. Watazamaji wake wako mbali, na yule pekee aliyemwona siku ya usaili ameamua kunyamaza.

Ukimya huu una madhara mengine yanayogusa sheria. Pale ambapo hakuna vigezo vilivyotajwa, kila kigezo kinawezekana. Msichana aliyekataliwa bila kuelezwa kwamba nafasi ilihitaji mtu mzima zaidi anabaki na swali: nilipungukiwa nini? Mwanamume mwenye nia mbaya analo jibu tayari. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, ilitamka wazi kwamba kutumia madaraka kudai ngono kama sharti la kutoa ajira au upendeleo wowote ni kosa. Lakini kosa la namna hiyo ni gumu kuthibitisha katika shughuli ambayo haina tangazo la maandishi, haina orodha ya wasailiwa, na haina sababu za kukataliwa. Karatasi moja yenye jina la mhusika, umri wake na sifa zake, ikibandikwa mlangoni siku ya usaili, ingempunguzia mtu huyo mahali pa kujificha.

Upande wa pili ni umri wa kweli, ule wa cheti, na hapa waigizaji nao si malaika. Wapo wanaopunguza miaka, na wapo wasichana wadogo wanaoongeza ili wapewe nafasi za wapenzi. Siku hizi usaili wa kwanza hufanyika kwa picha na video zinazotumwa kwa simu, na programu za kulainisha ngozi zinamfanya mama wa miaka 40 afanane na binti yake. Anasafiri zaidi ya kilomita 1,100 kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, anafika mlangoni, na usaili unakwisha kabla hajakaa.

Mwaka 2012 taifa lilishuhudia jinsi umri unavyoweza kupotea katika tasnia hii. Kufuatia kifo cha Kanumba mwezi Aprili mwaka huo, mwigizaji Elizabeth Michael 'Lulu' alifikishwa Mahakama ya Kisutu, na kwa wiki kadhaa mabishano hayakuwa juu ya tukio lenyewe bali juu ya miaka yake: 18 kama ilivyoandikwa katika hati ya mashtaka, au 17 kama walivyosema mawakili wake. Kesi ile imekwisha siku nyingi na si nia ya makala haya kuifufua. Linalostahili kukumbukwa ni kwamba msanii huyo alikuwa akionekana mbele ya kamera tangu utotoni, nchi nzima ikimtazama akikua, na bado hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kusema kwa uhakika alikuwa mtoto au mtu mzima. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, na inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Anayerekodi filamu usiku wa manane kwenye fukwe za Igombe akiwa na binti ambaye hakumuuliza umri wake, amejiweka mwenyewe katika hatari.

Hivyo basi kuna miaka ya aina mbili, na kila mmoja ana mahali pake. Miaka ya cheti inahusu sheria, mkataba na ulinzi wa mtoto. Miaka ya uso inahusu mhusika. Marekani walijaribu kuifuta ile ya kwanza ili isiharibu ya pili. Mwigizaji Junie Hoang aliishitaki tovuti ya IMDb kwa kuchapisha umri wake, akidai kwamba ungemkosesha kazi, lakini mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama mjini Seattle lilimkatalia. Mwaka 2016 jimbo la California likatunga sheria ya kuilazimisha tovuti hiyo kuficha umri wa wasanii wanaoomba hivyo. Mwaka 2018 mahakama iliitupa sheria hiyo kwa kuwa iliingilia uhuru wa kujieleza, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa ikakubaliana nayo. Waigizaji wa huko walirudi palepale: uso ndio uliobaki kuwa hoja.

Na uso wa mwanamke huhesabiwa haraka kuliko wa mwanamume. Mwaka 2015 mwigizaji Maggie Gyllenhaal alieleza kwamba akiwa na miaka 37 aliambiwa ni mzee mno kucheza kama mpenzi wa mwanamume wa miaka 55. Huo ulikuwa mrejesho wa wazi kabisa, na ndiyo maana haitoshi kusifu uwazi peke yake. Kauli inaweza kuwa ya kweli kuhusu anachokitaka mtayarishaji, na wakati huohuo ikafichua kwamba anachokitaka hakina mantiki. Lakini kwa kuwa ilisemwa, ilijulikana, ikajadiliwa dunia nzima. Ingekuwa "tutakupigia", isingejadiliwa popote.

Kwetu dosari hiyo imegeuka upande mwingine. Wanawake wa makamo hawatafutwi, kwa hiyo nafasi za akina mama hupewa wasichana. Mtazamaji huonyeshwa mama na bintiye ambao kwa macho ni watu wa darasa moja, tofauti yao ikiwa kitenge na miwani. Si kwamba mama kijana ni kosa siku zote. Ng'ambo ya ziwa, katika filamu "Queen of Katwe" iliyorekodiwa Uganda na kutoka mwaka 2016 chini ya uongozaji wa Mira Nair, Lupita Nyong'o alicheza kama mama wa binti bingwa wa sataranji akiwa hata hajafikisha miaka 34. Binti mwenyewe alichezwa na Madina Nalwanga, mcheza ngoma wa Kampala ambaye hakuwahi kucheza filamu. Watu waliamini, kwa sababu mama mwenye umri huo na mtoto wa namna hiyo yupo Katwe, kama alivyo Kitangiri na Nyamanoro. Umri ule ulitokana na mhusika. Wetu hutokana na nani alikuwapo siku ya kurekodi.

Tuje kwa wazee. Ushahidi kwamba umri ni mtaji tunao humuhumu nchini. Amri Athumani, 'King Majuto', aliyezaliwa Tanga mwaka 1948, aliendelea kutafutwa na watayarishaji hadi karibu na kifo chake Agosti 2018, akiwa na miaka 70. Nchini Kenya, Oliver Litondo, aliyewahi kuwa msomaji wa habari wa televisheni, alibeba filamu nzima ya "The First Grader" ya mwaka 2010, akiwa mzee Kimani Maruge aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka 84.

Bibi zetu hawana bahati hiyo. Mwanamke mzee akiitwa kwenye filamu, mara nyingi mno huitwa kuwa mchawi. Fatuma Makongoro, 'Bi. Mwenda', aliifanya sehemu hiyo kwa ustadi uliomjengea jina nchi nzima, na ustadi huo ni wake. Lawama si yake. Lakini inapotokea kwamba kila uso wenye mikunjo na macho mekundu unapewa uhusika mmoja, ni lazima mtu aulize, hasa akiwa Mwanza. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilikadiria kwamba kati ya mwaka 2005 na 2011 takriban watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake wazee, na mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa miongoni mwa iliyoathirika zaidi. Macho mekundu, ambayo madaktari na wanaharakati wameeleza mara nyingi kuwa yanaweza kuletwa na moshi wa kuni na samadi za miaka mingi jikoni, yalitosha kumhukumu bibi. Hakuna anayeweza kusema filamu ndizo zilizoshika mapanga. Inatosha kusema kwamba mchaguzi wa waigizaji anayetafuta "bibi wa kutisha" anatumia kipimo kilekile cha uso ambacho kijijini kimewahi kuua.

Katika nafasi hii mrejesho wa kweli unapaswa kutoka upande wa pili, kwa mwigizaji kwenda kwa mwongozaji. Bibi aliyekabidhiwa mswada ana haki ya kuuliza kwa nini yeye, na kama hakuna mhusika mwingine wa umri wake katika hadithi yote. Manispaa ya Ilemela ilihesabiwa kuwa na zaidi ya wakazi 500,000 katika sensa ya mwaka 2022. Wamo wanawake wazee wanaouza dagaa Kirumba tangu alfajiri, wanaolea wajukuu huko Sangabuye na Bugogwa, wanaodai mirathi mahakamani, wanaoimba kwaya, wanaokopesha fedha kwenye vikoba na kumfuata mdaiwa hadi mlangoni kwake. Hao hawajaandikiwa mswada bado, na vikundi vinavyofanya usaili Ilemela haviwezi kudai kwamba vimewatafuta vikawakosa.